Barua za Malalamiko Zilizoyashinda Mabenki ya Uingereza



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu shauri la fedha lililoitingisha Uingereza kwa muda wa karibu miaka 15, tangu 2005 hadi 2019. Katika shauri hilo mabenki ya nchi ile yalilazimika kuwarudishia wateja wao zaidi ya paundi bilioni 38. Fedha hizo hazikurudishwa kwa huruma, wala hapakutokea amri moja ya serikali iliyozitoa kwa siku moja. Zilirudishwa kwa sababu mamilioni ya watu wa kawaida, kila mmoja kwa nafsi yake, waliketi wakaandika barua za malalamiko, na kwa sababu ilikuwako ofisi iliyopaswa kwa sheria kuzisoma barua hizo na kuzitolea hukumu.

Tumechagua kuizungumza historia hii mbele ya askari kwa kuwa askari ni mtu mwenye mshahara wa uhakika, na mwenye mshahara wa uhakika ndiye mteja ambaye mkopeshaji humpenda kuliko wote. Hata katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, makato ya bima ya mkopo si jambo geni kwa mtu aliyepata kukopa benki. Kwa hiyo yaliyowafika Waingereza yanastahili kusikilizwa kwa makini.

Bima iliyoleta balaa hilo iliitwa bima ya kulinda marejesho ya mkopo, na Waingereza waliifupisha kwa herufi tatu tu: PPI. Katika maandishi, ilikuwa bima njema. Mtu akikopa fedha za kununulia nyumba au gari, kisha akaugua, akapata ajali au akaachishwa kazi, bima ingemlipia marejesho yake kwa muda fulani mpaka asimame tena. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba wazo hilo ni baya. Ilikuwako kwa miaka mingi, lakini ilienea mno tangu miaka ya 1990, na hadi kufika 2010 hati zaidi ya milioni 60 zilikuwa zimekwisha kuuzwa katika nchi hiyo.

Kwa nini ziliuzwa nyingi kiasi hicho? Jibu lake liko katika mashindano ya mabenki yenyewe. Kila benki ilitaka kuonekana kuwa yakopesha kwa riba ndogo kuliko jirani yake. Riba ikatangazwa kwa maandishi makubwa, nayo ikazidi kushushwa. Lakini benki haikukubali kupoteza faida; ilichokiacha mlangoni ilikichukua dirishani. Mteja alipokwisha kuvutwa na riba ndogo, akiwa ameketi mbele ya karani na kalamu i mkononi, hapo ndipo bima ilipoingizwa. Wakati huo hakuwa na nafasi ya kulinganisha bei ya bima hiyo na ya kampuni nyingine. Alikuwa na haja ya fedha, na aliyekuwa na fedha alikuwa mbele yake.

Namna za kuiuza zilikuwa nyingi. Wako walioambiwa kwamba bila bima mkopo hautatolewa, jambo ambalo halikuwa kweli. Wako waliopewa kufahamu kwamba wakiikubali, maombi yao yataangaliwa kwa jicho jema zaidi. Wengine hawakuambiwa neno lolote. Alama ya kukubali ilikwisha kutiwa katika fomu kabla ya wao kuishika, nao wakatia sahihi wasijue. Wengine tena waliuziwa ilhali walikuwa watu ambao bima isingewalipa hata siku moja: wenye kazi za kujitegemea, wastaafu, na wagonjwa ambao maradhi yao ya zamani yalikwisha kutengwa katika masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi.

Na hapa tuwataje walinzi wa usalama wa Uingereza wenyewe. Polisi au mwanajeshi wa nchi ile akiugua huendelea kupata mshahara kwa muda mrefu, wala si mwepesi wa kupunguzwa kazini kama mfanyakazi wa kiwanda. Kumuuzia mtu wa namna hiyo bima ya kukosa mshahara ni sawa na kumuuzia mwavuli mtu aliyeketi ndani ya nyumba. Hata hivyo, karani hakuulizwa na wakubwa wake kama mwavuli ulihitajiwa. Aliulizwa ameuza miavuli mingapi wiki hii.

Jambo hilo la maagizo kutoka juu halina budi kuelezwa vizuri, maana si haki kumtwika lawama yote karani wa kaunta. Mwaka 2008 Mamlaka ya Huduma za Fedha, ambayo wakati huo ndiyo iliyosimamia biashara hiyo, iliitoza benki ya Alliance & Leicester faini ya paundi milioni 7. Miongoni mwa makosa yaliyoonekana ni kwamba wafanyakazi walikuwa wamefundishwa jinsi ya kumshinikiza mteja aliyehoji kuhusu bima hiyo au aliyeikataa. Zingatieni neno hilo: walikuwa wamefundishwa. Askari anafahamu vyema tofauti iliyopo baina ya utovu wa nidhamu wa mtu mmoja na zoezi linalofanywa na kikosi kizima kwa amri.

Kengele ya kwanza kubwa ilipigwa Septemba 2005. Shirika la Citizens Advice, linalowapa wananchi wa Uingereza ushauri wa bure katika mambo ya madeni, kodi za nyumba na kazi, lilikuwa limeyaona mashauri ya wadaiwa wengi waliolemewa na bima hiyo. Likapeleka malalamiko rasmi kwa ofisi ya serikali iliyokuwa ikisimamia haki katika biashara. Sheria ya Uingereza inayapa mashirika machache yaliyoteuliwa uwezo wa kupeleka malalamiko ya namna hiyo kwa niaba ya umma, na serikali haina ruhusa ya kuyaweka kabatini. Ni lazima ijibu kwa muda uliowekwa. Shauri likafika mbele ya Tume ya Ushindani mwaka 2007. Mwezi Januari 2009 Tume ilitoa uamuzi kwamba benki isiuze bima hiyo pale pale inapotoa mkopo. Benki ya Barclays ilikata rufani, mambo yakacheleweshwa, lakini mwaka 2010 Tume iliushikilia uamuzi wake.

Kuzuia makosa ya kesho ni jambo moja. Waliokwisha kutozwa jana walikuwa wakitaka fedha zao, na hapo ndipo palipokuwa na uzito wa shauri hili.

Njia ya kudai ilikuwa nyepesi kuieleza. Mteja aliandika barua kwa benki yake, akataja mkopo, mwaka alioupata, na jinsi alivyouziwa bima. Benki ilipewa wiki 8 za kutoa jibu lake la mwisho. Ikikataa, au ikikaa kimya mpaka muda huo upite, mteja alikuwa na haki ya kwenda kwa Mwamuzi wa Malalamiko ya Fedha. Na kama amekataliwa kwa maandishi, alikuwa na miezi 6 ya kufanya hivyo. Ofisi hiyo ya Mwamuzi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2000 ikaanza kazi mwishoni mwa 2001. Mlalamikaji halipi hata senti moja. Benki ndiyo inayotozwa ada ya shauri, hata ikishinda. Na mlalamikaji akiukubali uamuzi wa Mwamuzi, benki imefungwa nao. Asipoukubali, mlango wa mahakama bado u wazi kwake. Kwa maoni yetu, mpango huo wa ada ulikuwa na nguvu kuliko hotuba nyingi za wabunge, kwa sababu kila barua iliyopuuzwa iligeuka kuwa gharama.

Mwezi Julai 2008 Mwamuzi aliiandikia Mamlaka ya Huduma za Fedha kuijulisha kwamba malalamiko haya si ya mtu mmoja mmoja aliyekosewa kwa bahati mbaya, bali ni tatizo la sekta nzima. Mamlaka ikatunga kanuni za kuyashughulikia, ikazitangaza Agosti 2010. Kanuni hizo ziliyataka mabenki yapime upya mauzo ya zamani na kuwalipa waliodhulumiwa, pamoja na riba ya kuwafidia kwa muda waliokaa bila fedha zao.

Mabenki hayakukubali. Chama cha Mabenki ya Uingereza kilikwenda Mahakama Kuu mjini London, na shauri likasikilizwa Januari 2011. Hoja yake ilikuwa kwamba hairuhusiwi kuwahukumu wauzaji wa jana kwa kanuni za leo. Tukiri kwamba hoja hiyo si ya kuchekwa. Hata katika sheria za kijeshi, askari haadhibiwi kwa kuvunja amri iliyotolewa baada ya kitendo chake. Lakini Jaji Ouseley aliona mambo kwa njia nyingine. Misingi mikuu ya kuwatendea wateja kwa haki ilikuwapo tangu zamani. Benki ilipaswa kuifuata wakati wote, na kutimiza kanuni ndogo ndogo hakukuiondolea wajibu huo. Hukumu ilitolewa tarehe 20 Aprili 2011, na mabenki yakashindwa.

Lililofuata lilikwenda haraka mno. Mwanzoni mwa mwezi Mei benki ya Lloyds ilijitenga na wenzake, ikatangaza kwamba imetenga paundi bilioni 3.2 za kuwalipa wateja. Siku chache baadaye Chama chote kikasema hakitakata rufani. Ngome iliyokuwa na umoja kwa miaka ilifunguliwa na mmoja wa walinzi wake. Kiasi kilichotengwa kilionekana kikubwa siku hiyo. Hadi mwisho wa shauri, Lloyds peke yake ilikuwa imetumia karibu paundi bilioni 22, zaidi ya mara sita ya makisio ya kwanza. Tena ikumbukwe kwamba benki hii ilikuwa imeokolewa kwa fedha za walipa kodi katika msukosuko wa 2008, na serikali ikawa na hisa zaidi ya 40 kwa mia ndani yake. Mwananchi wa Uingereza alikuwa kwa wakati mmoja mdai na mwenye hisa.

Ingedhaniwa kwamba baada ya hukumu ile, kazi ilibaki ya kuhesabu na kulipa. Haikuwa hivyo, na sehemu hii inawahusu hasa wapelelezi wetu.

Katika shauri la madai kama haya, ushahidi mwingi umo mikononi mwa mdaiwa. Mteja aliyekopa mwaka 1998 amekwisha kuhama nyumba mara mbili na kuzitupa karatasi. Benki ndiyo yenye mafaili. Mwamuzi alipoomba kumbukumbu za mteja, aliitegemea benki ilete kilichopo. Sasa, katika benki ya Clydesdale ya Scotland, kundi la wafanyakazi katika idara ya kushughulikia malalamiko lilizibadili karatasi zilizochapwa kutoka katika mitambo ya kumbukumbu ili ionekane kwamba benki haina hati zozote za mteja, na katika karatasi nyingine likafuta habari zote za bima. Karatasi hizo zilizoharibiwa zilipelekwa kwa Mwamuzi. Mambo hayo yalitendeka kati ya 2012 na 2013. Mwezi Aprili 2015 Mamlaka mpya ya usimamizi, iliyorithi kazi ya ile ya kwanza, iliitoza Clydesdale faini ya zaidi ya paundi milioni 20.

Miezi miwili baadaye ikafika zamu ya Lloyds, faini ya paundi milioni 117. Huko hapakuwa na karatasi zilizofutwa. Palikuwa na jambo lililojificha zaidi. Wafanyakazi waliokuwa wakiyapima malalamiko walielekezwa kuchukulia kwamba utaratibu wa benki wa kuuza bima ulikuwa safi na imara, isipokuwa pale walipoarifiwa vinginevyo. Basi mteja aliyesema kwamba hakuelezwa masharti alijibiwa kwa imani ya kwamba bila shaka alielezwa, kwa kuwa utaratibu ulitaka aelezwe. Polisi yeyote aliyepata kuandika maelezo ya shahidi aweza kuona ubovu wa hoja hiyo. Kuwapo kwa amri ya kufunga lango si ushahidi kwamba lango lilifungwa usiku ule. Madai mengi yalikataliwa hivyo, na walalamikaji wengi, wakiisoma barua yenye nembo ya benki, waliamini na kukata tamaa. Waliopata fedha zao mara nyingi ni wale ambao hawakuikubali barua ya kwanza.

Hapo katikati walijitokeza pia watu wa kuvuna wasipopanda. Makampuni ya kudai fidia yalifunguliwa kwa wingi, yakawapigia watu simu mchana na usiku na kuwatumia ujumbe, yakitaka kuwaandikia barua ambayo kila mtu angeweza kujiandikia bure. Mengi yalichukua robo ya fidia au zaidi. Mengine yalipeleka madai kwa niaba ya watu ambao hawakuwa na bima kabisa, na mabenki yakapata kisingizio cha kulalamika kwamba yanaonewa. Bunge liliweka kikomo mwaka 2018: ada isizidi 20 kwa mia, bila kuhesabu kodi. Kikomo hicho kilikuja kimechelewa; fedha nyingi zilikwisha kupita mikononi mwao.

Kuna shauri moja ambalo linastahili kupewa nafasi yake, maana ndani yake hesabu zote zilianikwa juani. Mama mmoja mjane, mwalimu wa chuo, alikopa mwaka 2006 paundi 34,000 kutoka kampuni ya Paragon Personal Finance, alipe kwa miaka 10. Aliuziwa bima ya paundi 5,780. Ada hiyo hakuilipa kidogo kidogo. Iliongezwa yote juu ya mkopo tangu siku ya kwanza, ikawa nayo yatozwa riba kwa miaka 10, ingawa bima yenyewe ilikuwa ya miaka 5 tu. Zaidi ya hayo, kazi yake ilikwisha kumpa kinga dhidi ya ugonjwa.

Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, ikadhihirika fedha zile zilikwenda wapi. Katika paundi 5,780, kampuni ya bima, ambayo ndiyo iliyobeba hatari yote, ilipata paundi 1,630. Dalali alichukua 1,870. Paragon, mkopeshaji, ikachukua 2,280. Yaani karibu 72 kwa kila mia haikuwa bima hata kidogo, bali kamisheni, na mjane yule hakuambiwa ukubwa wake. Tarehe 12 Novemba 2014 Mahakama, katika hukumu iliyosomwa na Jaji Sumption, iliamua kwamba kumficha mteja kamisheni kubwa kiasi hicho kuliufanya uhusiano baina yake na mkopeshaji kuwa usio wa haki chini ya Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974 kama ilivyorekebishwa. Jaji alisema kwa namna yake kwamba kila mtu anaweza kufahamu kuwa madalali hulipwa. Lakini hufika mahali ambapo kiasi ni kikubwa mno hata kukinyamazia ni kumdhulumu mtu.

Hukumu hiyo ilifungua mlango wa pili. Hata wale ambao bima yao iliuzwa kwa maneno sahihi sasa waliweza kudai sehemu ya kamisheni. Mamlaka ya usimamizi ikaweka kipimo: kamisheni iliyozidi nusu ya ada, ziada yake irudishwe. Kisha ikatangaza siku ya mwisho ya kupokea madai, tarehe 29 Agosti 2019, na kwa miaka miwili ikawatangazia wananchi wasichelewe, ikitumia hata sanamu ya kichwa cha Arnold Schwarzenegger, yule mchezaji wa sinema, kikiwakemea watu kutoka katika televisheni. Wengine wameyaona matangazo hayo kuwa upuuzi. Sisi hatudhani hivyo, kwa kuwa barua zilifurika katika wiki zile za mwisho kiasi cha kuyatisha mabenki upya.

Je, nani aliadhibiwa? Mwaka 2012 Lloyds iliwapunguzia wakurugenzi wake 13, wa wakati huo na wa zamani, sehemu ya bahashishi zao. Mabenki yalitozwa faini. Lakini hakuna mkuu wa benki kubwa aliyetiwa gerezani kwa ajili ya bima hii, na faini, kama inavyojulikana, hutoka katika mfuko wa wenye hisa na si katika mfuko wa aliyetoa amri. Upande huo wa shauri umebaki wazi, na Waingereza wenyewe wanaufahamu.

Kifungu kile cha sheria kilichomsaidia mjane hakikulala. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika mashauri ya watu waliokopeshwa fedha za kununulia magari, ambapo wauza magari walilipwa kamisheni kwa siri. Wakopeshaji walishinda katika hoja nyingi siku hiyo, na wengi waliotazamia mafuriko mengine ya fidia walirudi nyumbani wakiwa na huzuni. Lakini mdai mmoja alishinda. Kamisheni katika mkopo wake ilikuwa paundi 1,650 na zaidi kidogo, sawa na 55 kwa mia ya gharama yote ya kukopa, naye hakuambiwa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mamlaka ya usimamizi ilitangaza mapendekezo ya mpango wa kuwafidia wakopaji wa magari, na mabenki yakaanza tena kutenga fedha.